Lori la Likizo na Msiba Usio na Maiti

Niliigonga rimu ya kanisa. Naanza na hilo msije mkasoma mpaka katikati mkingoja nijitetee. Alfajiri ya Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na mbili, mwaka niliomaliza darasa la saba, nilichukua nondo ambayo katekista huificha juu ya kenchi ya kigango chetu, nikaigonga ile rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi, ambayo kwetu ndiyo kengele. Kwa misa inagongwa harakaharaka, kama mgongaji anafukuzwa na nyuki. Kwa msiba inagongwa mara moja, unangoja mlio uzame wote bondeni, ndipo unagonga tena. Mimi niligonga ya msiba. Mara kumi na mbili, kwa madaha kabisa.

Hakuna aliyekuwa amekufa.

Ili mwelewe ujinga wenyewe, inabidi niwasimulie kampuni ya baba mdogo, maana kama isingekuwa kampuni ile, siku hiyo ningekuwa nimelala kama mtoto wa watu.

Baba mdogo anafuatana na baba kwa kuzaliwa. Alikaa Dar es Salaam miaka sita akimwendeshea gari mfanyabiashara mmoja, akarudi Mbinga na miwani ya jua, mkebe wa mafuta ya nywele na wazo. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Zamani kahawa yetu ilinunuliwa na chama cha ushirika peke yake, na malipo yalikuja kwa vipande, leo kidogo, kesho kidogo, mengine mpaka usahau ulikuwa unadai. Sasa wakaja wanunuzi binafsi na mizani yao, wanapima mlangoni kwako na kulipa hapohapo. Watu wa mlimani wakajikuta mwezi wa kumi na moja wana noti mfukoni, bati wameshanunua, redio wameshanunua, na hawajui kinachofuata.

Baba mdogo alijua. Alinunua lori kuukuu la misheni, akalifunga mabenchi, akatangaza kwamba ameanzisha kampuni ya kuwapeleka watu likizo Ziwa Nyasa.

"Likizo ndiyo nini?" mzee mmoja wa ukoo alimuuliza. Nilikuwepo, nilikuwa darasa la tano.

"Kupumzika, baba. Watu wa Dar wakipata hela wanakwenda ufukweni kupumzika. Sisi ziwa liko pale chini, siku ya anga safi tunaliona linang'aa, na watu wanazeeka hawajaligusa."

"Kupumzika na nini?"

"Na kazi."

"Kazi inapumzikwa siku ya msiba," mzee akasema, akaendelea kutafuna muwa wake.

Na alisema kweli. Kwetu Umatengoni jembe halitui chini ovyo. Ngolo, yale mashimo tunayochimba mlimani ili mvua isibebe udongo, hazijichimbi. Ukimwona mtu mzima amekaa Jumanne mchana, ama anaumwa ama amefiwa. Ila kengele ya msiba ikilia, hata aliyekuwa amebakiza mstari mmoja anauacha, ananawa miguu, anachukua unga au kuni na kwenda. Huko atakaa siku tatu akiongea, akila maharage, akisinzia juani. Kama hiyo si likizo, basi sijui likizo ni nini. Baba mdogo alikuwa ameleta bidhaa ambayo tayari tulikuwa nayo, tena ya bure.

Safari ya kwanza walikwenda watu kumi na tisa. Walifika Mbamba Bay wakasimama mchangani na viatu, wamejipanga kama wanangoja kupigwa picha. Hakuna aliyeingia majini. Jirani yetu mmoja mama mnene alinawa uso tu, akasema ziwa limewekwa karibu mno na watu. Mwanamume mwingine akauliza yale mawimbi yanafungwa saa ngapi. Wakala mbasa, samaki wa ziwa lile, wa kuchoma mpaka wakashindwa kusimama, wakarudi na viroba vya dagaa, na kijiji kizima kikasema, ahaa, kumbe ni gari la sokoni.

Lakini mwaka uliofuata walikwenda wengi zaidi. Baba mdogo akapanga ghala la zamani pale ufukweni, akatandika mikeka, akaligawa kwa mapazia, upande wa wanawake na upande wa wanaume. Akamwita fundi wa rangi kutoka mjini Mbinga amchoree samaki ubavuni mwa lori, samaki amekaa kwenye kiti chini ya mwavuli. Fundi hakuwa amewahi kuona samaki mbichi, akamchora ana kope. Mimi nilisema huyo ni mwalimu wetu wa sayansi. Nikachapwa, lakini jina lilibaki.

Kilichomtesa baba mdogo si barabara, ingawa ule mteremko wa kwenda ziwani una kona ambazo hata abiria walevi hunyamaza. Kilichomtesa ni vifo. Mara tatu abiria waliteremka garini injini ikinguruma kwa sababu mtoto alikuja mbio kutoka bondeni na habari. Kwenda kula samaki huku kijijini kuna maiti ni jambo ambalo kwetu halijapata kutokea, na aliye na wazimu kiasi hicho hajazaliwa. Baba mdogo akinywa alikuwa akilalamika: "Nina mshindani mmoja tu kwenye biashara hii, naye hachoki."

Sasa mama.

Mama yangu ni wa ziwani, Mnyasa, Mwanglikana wa kuzaliwa, aliyeolewa mlimani kwa Wakatoliki. Alikuwa amekaa nasi miaka kumi na sita, anachimba ngolo kuliko wenyeji, na bado kwenye jumuiya wanawake wakimtaja asipokuwepo walisema "yule Mnyasa." Kwetu kuna imani, na siitetei, kwamba watu wa ziwani dawa zao ni kali. Mtoto wa mtu akiumwa ghafla, macho yanazunguka uani yanatafuta nani ametoka wapi. Mama alijua hivyo, kwa hiyo alikuwa wa kwanza kufika kwenye kila msiba na wa mwisho kuondoka.

Katika miaka yote hiyo alikuwa amerudi kwao mara mbili. Lori lilipoanza kuteremka bado hakupanda, kwa sababu kila mwaka ukoo wetu ulipewa nafasi moja tu ya bure. Mwaka wa kwanza akaenda baba. Mwaka wa pili akaenda bibi mzaa baba, akarudi anasema maji yana harufu. Mwaka wa tatu nafasi ilikuwa yangu, zawadi ya kumaliza darasa la saba. Nilikuwa nimeshawatambia wenzangu kwamba nitaogelea mpaka Malawi na kurudi na chenji ya kule.

Alhamisi kabla ya safari akaja mchuuzi wa samaki na baiskeli yake. Alimkuta mama anaanika kahawa ya mwisho. Hakumpa samaki, alimpa salamu.

"Mama yako hali tena, dada. Uji anapewa kwa kijiko. Amesema nikupe neno moja tu, uende akuone."

"Alisema mwenyewe, au wamesema kwa niaba yake?"

"Mwenyewe. Alinishika mkono."

Mama alimaliza kuanika. Kisha akaenda kwa baba mdogo, nami nikamfuata nyuma kwa sababu nilinusa hatari.

"Shemeji, naomba ile nafasi."

"Ile ni ya mtoto, shemeji. Gari limejaa, hata juu ya boneti nimekata tiketi."

"Mtoto atakwenda mwakani. Mama yangu hana mwakani."

Basi. Nafasi ikahama. Mama aliniambia mwenyewe jioni ile, akaniletea ndizi ya kuchoma, nami nikacheka nikasema haidhuru, nilikuwa naogopa mamba. Sitasema sikujua kwamba bibi anaumwa. Nilijua. Ila kwa akili ya miaka kumi na minne, bibi kuumwa ndiyo kazi yake, na mimi kubaki nikichunga mbuzi huku kina fulani wakila mbasa ilikuwa dhuluma ya karne. Nikawaza kuwarusha roho kidogo. Watashuka garini wakikimbia na vikapu vyao, watatafuta maiti saa moja, wataikosa, watatukana, watapanda tena. Nami nitakuwa nimecheka. Saa moja tu. Hiyo ndiyo hesabu niliyoipiga.

Alfajiri ya Jumamosi, siku ya safari, nikagonga, nikarejesha nondo, nikarudi kitandani.

Kulipopambazuka lori lilikuwa limesimama njia panda, karibu tupu. Abiria karibu wote walikuwa wameshateremka, na kwa kuwa hakuna aliyetaja jina la marehemu, kila mtu alitumia akili yake. Akili za wote zikaenda sehemu moja, kwa katekista mstaafu, mzee aliyevimba miguu tangu Pasaka. Nilifika pale nimejifanya nafikicha macho. Wanawake walikuwa wanaingia uani kwake kwa mstari, vitenge viunoni, unga kichwani, wanalia kwa sauti ya kwanza, ile ya juu. Na mzee mwenyewe amekaa barazani, kikombe cha uji mkononi, anawatazama.

"Nani amekufa?" akauliza.

Kilio kikakatika kama redio iliyoishiwa betri. Mama mmoja wa mbele, machozi bado yanateremka, akasema, "Wewe, babu."

"Mimi?"

"Ndiyo. Shikamoo."

"Marahaba. Mmekuja na nini?"

"Unga, babu. Na maharage."

"Wekeni hapo mlangoni. Msirudi nayo."

Nilijificha nyuma ya ghala la mahindi nikauma kiganja nisipasuke. Mpaka leo nikiikumbuka sehemu hiyo nacheka, lakini kicheko hakifiki mwisho.

Kwa sababu saa moja ilipita, na hakuna aliyetukana wala kupanda gari. Nilisahau, mimi mjuaji, kwamba watu wetu wakisikia kengele ya msiba na wasione maiti, hawasemi kengele imekosea. Wanasema maiti hajaonekana. Vijana wakatumwa kila mgongo wa mlima kuuliza nyumba kwa nyumba. Wanawake wakawasha moto palepale kwa katekista mstaafu, maana maharage yalikuwa yameshaletwa, na wakaanza kuchambua na kupika msiba usiokuwa na mwenyewe.

Baba mdogo alikuwa anazunguka na miwani yake usoni. "Jamani, mtu hajafa! Twendeni, nawaomba. Tazameni mawingu kule, mvua ikianza ule mteremko haupitiki!"

"Kengele imelia," akajibu yule mzee wa ukoo.

"Imelia, sawa, kwa ajili ya nani?"

"Ndicho tunachotafuta."

Mama alikuwa bado ndani ya lori. Peke yake, kwenye benchi la nyuma, furushi lake limefungwa khanga, amelipakata. Sijui alikaa pale muda gani. Mwishowe shangazi yangu mkubwa akamwendea, akaushika ubavu wa lori karibu na yule samaki wa kope.

"Wifi, shuka."

"Wifi, mama yangu anaumwa."

"Tunajua. Lakini ukikaa humu watu watasema nini? Kengele imelia, wewe uko garini na furushi. Shuka, wifi yangu."

Mama alishuka. Akaliacha furushi juu ya benchi, kama mtu anayeacha kofia kushika nafasi, akaja akakaa na wanawake wenzake akachambua maharage.

Hapo ndipo ningesema. Niliwaza kusema. Lakini saa sita mchana vijana walirudi kutoka migongo yote mikono mitupu, na mzee wa ukoo akasimama akasema, taratibu, bila kumtazama mtu: "Anayegonga bila maiti, anaita maiti. Mtu wa namna hiyo ana jina lake, na sisi tunalijua." Hakulitaja neno mchawi, hakuwa na haja. Nikaona bibi wawili waliokaa karibu na moto wakainua macho yao, wakayapitisha juu ya mama yangu aliyeinamia ungo, wakayarudisha chini. Ulimi wangu, ambao walimu watatu walikuwa wameshindwa kuufunga, ukajifunga.

Jumapili baada ya ibada wazee waliamua kwamba kwa kuwa maiti haikupatikana, watu wako huru. Safari ikawa ya Jumatatu. Jumapili jioni mvua ikaanza.

Jumatatu asubuhi abiria wawili hawakutokea. Walisema lori limepigiwa kengele, hawapandi. Baba mdogo akanitazama akasema, "Haya, panda wewe." Yaani nilipata kiti. Nilikikalia njia nzima, na hakuna kiti kilichowahi kuniuma kama kile.

Mteremkoni lori lilizama mpaka ekseli. Tulichimba kwa majembe, kwa sahani, kwa mikono. Wanaume walisukuma, kisha wanawake wakavua ndala wakasukuma. Nilijikuta nimesimama bega kwa bega na mama, uso wake una matope mpaka kwenye nyusi, na kila injini ilipokohoa alikuwa anasema kwa Kinyasa neno ambalo kwetu tungesema "kidogo tu, kidogo tu." Tulilala pale pale njiani tumejikunyata chini ya turubai. Tulifika ziwani Jumanne alasiri.

Abiria walikuwa wameshasahau tabu. Walipoliona ziwa walianza kuimba, mmoja akapiga ngoma, lori likaingia kijijini kwao mama, kusini kidogo mwa Mbamba Bay, likipiga honi kama lina bibi harusi. Mama mdogo, mdogo wake mama, akatoka njiani. Amenyoa kichwa.

Honi ikakatika. Mama akaruka chini kabla gari halijasimama vizuri.

"Lini?" akauliza.

"Jumapili usiku. Tumezika jana jioni, mvua ilikuwa inaingia kaburini, tukaona tusingoje." Mama mdogo hakuwa analia tena, alikuwa ameshamaliza. "Alikuulizia, dada. Jumamosi kutwa nzima, Jumapili mpaka giza. Kila gari likinguruma kule juu anasema, huyo, msogezeni maji anawe. Tukamwambia si yeye, ni la samaki. Anasema, basi linalofuata."

 Mama akakaa chini njiani, kama mtu aliyechoka kwa safari.

Na hapo watu wetu wakafanya jambo ambalo sikulitegemea, ingawa nilipaswa kulitegemea. Mpiga ngoma akaipindua ngoma uso chini. Wanawake wakafunga vitenge viunoni, wakateremka mmojammoja garini, wakaanza kulia kwa sauti ile ya juu ambayo Jumamosi ilikatwa njiani. Watu thelathini wa mlimani, Wakatoliki watupu, waliokuja kula samaki na kupumzika, waliingia uani kwa bibi wa Kianglikana ambaye hawakuwahi kumwona, wakakaa matangani siku zote tatu za likizo yao. Walitoa rambirambi kwa noti za kahawa walizoweka kwa ajili ya mbasa. Walichota maji, walipasua kuni. Ghala la ufukweni, mikeka imetandikwa, halikulalwa na mtu.

Siku ya pili, karibu na moto, yule jirani mnene aliyewahi kunawa uso tu alishtuka akapiga paja. "Jamani! Kengele!"

"Kengele gani?"

"Ya Jumamosi! Haikugongwa na mtu ile. Ilikuwa inatuambia habari ya huku, na sisi tukawa tunatafuta maiti mlimani!"

 Neno hilo likapita kinywa hadi kinywa, na kila lilipopita lilinenepa. Kumbe mlinzi wa kigango hakuona mtu. Kumbe nondo ilikuwa mahali pake. Shangazi akamshika mama mkono, machozi yanamtoka: "Wifi, kengele ya kwetu ilimlilia mama yako kabla hajafa. Unaona? Amekuwa wa kwetu." Mama alitikisa kichwa kukubali, akasema ahsante. Nami nilikuwa pale na sahani yangu ya ugali, na kila mtu akaniona mtoto mwenye majonzi, wakaniongezea samaki.

Kampuni ilikua kutokana na msiba ule. Sitanii. Wazee wa ziwani hawakuwahi kuona wakwe wakishuka thelathini kwa mpigo kwenye lori moja, na heshima ile ikasimuliwa ufuo mzima. Kabla hatujaondoka familia mbili zilikuwa zimeshamfuata baba mdogo kumuuliza kama gari lake linaweza kupandisha waombolezaji mlimani. Alianza kwa kusitasita. Baadaye nilimsikia akimwambia baba, "Kaka, likizo ina msimu. Hii nyingine haina." Mshindani wake akawa mbia.

Na ilikuwa miaka ya namna hiyo. Wale waliokwenda mijini kufuata ruksa, kuuza mitumba Songea, Makambako, Dar, walianza kurudi wamekonda, kisha wakaanza kurudi ndani ya masanduku. Ugonjwa wenyewe watu wazima waliutaja kwa kuinua kidole tu. Baba mdogo akaongeza pikapu, kisha lori la pili. Akafungua ofisi mjini Mbinga karibu na soko, yenye benchi, kalenda na simu. Wafiwa wa kwanza walimwomba amfunike yule samaki kwa kitambaa cheusi, maana si vizuri marehemu kusindikizwa na samaki mwenye mwavuli. Alikuwa akikifunga na kukifungua. Baadaye akaacha kukifungua.

Niko kidato cha tatu sasa. Shuleni wanajua mimi ni wa kampuni ya majeneza, na kabla hawajanitania huwa nimeshajitania: pandeni na sisi, abiria wetu hawajawahi kulalamika. Wanacheka. Safari ya likizo yenyewe imebaki moja kwa mwaka, mwezi wa kumi na mbili, na hiyo nayo hupitia kwenye kumbukumbu ya bibi. Rimu ya kigango imepakwa chokaa. Katekista anaitaja kwenye mafundisho. Na kwenye jumuiya hakuna tena anayesema "yule Mnyasa." Wanamwita mama mwenzetu, wanamchagua kushika funguo za sanduku la vyombo, na mwanamke akifiwa, mama ndiye anayetumwa kumkalia karibu, kwa sababu yeye kengele ilimlilia mtu wake.

Kwa hiyo nilikuwa na sababu zote za kunyamaza mpaka nife. Lakini Desemba iliyopita, kwenye kumbukumbu, shangazi aliisimulia tena mbele ya wageni wa ziwani, kwa mbwembwe, mpaka akaigiza mlio. Nikamtazama mama. Alikuwa anatikisa kichwa kukubali, kama kawaida yake, na sikuweza kuendelea kutazama.

Nilimfuata ufukweni alikokwenda kusugua masufuria kwa mchanga. Maji yalikuwa yanafika kwenye magoti yake na kurudi. Nilikaa juu ya jiwe nikasema yote, moja kwa moja, bila utani hata mmoja: nondo, mara kumi na mbili, nafasi yangu, saa moja niliyoihesabu. Nikamwambia kwamba kengele haikumlilia mtu, ni mimi, na kwamba kama si mimi angefika Jumamosi. Nilipomaliza hakuacha kusugua. Nilidhani hakusikia kwa ajili ya mawimbi, nikaanza upya, ndipo akaniambia:

"Nimekusikia. Nilijua tangu siku ile ile. Kengele ilipolia nilikuja kukuamsha kabla ya kwenda garini, nikakuta umejifunika blanketi na viatu miguuni, vimelowa umande. Ningesema neno moja tu lori lingeondoka, na mama yangu ningemkuta. Lakini wangeuliza huyo ni mtoto wa nani, na wewe ungeitwa mchawi mpaka unazeeka. Basi nikakaa, nikachambua maharage. Sasa umesema, umetua mzigo wako. Wangu niachie. Shika hili sufuria, suuza, bado lina ukoko."